Habari za Jiwe la Feruzi na Itikadi ya Wenye Kulivaa

Hamdu ni yake Mwenyezi Mungu, aliyeyasimamisha majabali akatia ndani yake madini ya rangi mbali mbali. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu wa Magogoni na Kariakoo, na kila aliye katika miji ya pwani, limeenea katika vidole vya wanaume jiwe la buluu liitwalo feruzi. Jina lake asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni ushindi. Na machimbo yake yaliyo mashuhuri tokea zamani ni ya Nishapur, katika nchi ya Iran. Wafaransa waliliita jiwe la Kituruki, wala si kwa kuwa lilichimbwa huko, bali liliwafikia kwa njia ya nchi za Waturuki.

Ubuluu wake watokana na shaba. Maji yapenyayo katika miamba yenye shaba huichukua, ikachanganyika na fosfati na alumini, ikagandamana katika nyufa kwa muda mrefu sana. Palipo na chuma, rangi huelekea kijani. Tena si jiwe gumu: mchanga wa ufukweni hulikwaruza. Nalo lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo hunywa. Hunywa jasho, na mafuta, na sabuni, na manukato, likabadilika rangi.

Na hapo ndipo ilipoingia fitina.

Mtu hununua pete yake Kariakoo, naye muuzaji humwambia: jiwe hili huzuia kijicho na huvuta riziki, na siku litakapogeuka rangi, ujue limepokea shari iliyokuwa ikikujia wewe. Basi akalivaa. Kila alfajiri yuko mnadani Magogoni, mikono yake i katika samaki na barafu na maji ya chumvi. Ijumaa hujipaka uturi mpaka vidoleni. Haukupita muda mwingi, jiwe likawa kijani. Moyo ukamdunda. Akamtazama jirani yake wa meza ya pili, akasema nafsini mwake, “Kumbe ni huyu.” Salamu zikakatika, na mkopo wa asubuhi ukakatika, na watoto wa nyumba mbili wakakatazwa kucheza pamoja. Na yule jirani hakutenda neno; aliyetenda ni mafuta ya samaki! Kisha mtu huyo akaenda kununua jiwe la pili, kwa fedha iliyowekwa kwa dawa ya mtoto.

Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alitunga kitabu juu ya vito. Zama zake watu walisadiki ya kwamba nyoka akiiona zumaridi macho yake hupofuka. Yeye hakukataa kwa ubishi, wala hakukubali kwa kuwafuata wasemao. Alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi chini, akamtikisia mbele ya macho, muda wa miezi tisa, wakati wa joto na wakati wa baridi; na nyoka asipate hata chongo. Huyo alikuwa Mwislamu wa miaka elfu iliyopita.

Kuvaa pete hakukukatazwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na pete ya fedha, na imepokewa kwa Anas ya kuwa kito chake kilikuwa cha Kihabeshi. Lakini aliifanyiza kwa kuwa wafalme walikuwa hawapokei barua isiyo na muhuri. Ilikuwa muhuri, haikuwa kinga. Tena watu kumi walipomjia kumbai, alipokea mikono ya tisa akauzuia wa mmoja, kwa sababu ya hirizi aliyoivaa, hata alipoikata. Na Umar bin Khattab alisema mbele ya Jiwe Jeusi la Alkaaba ya kuwa alijua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingalimwona Mtume akilibusu asingalilibusu. Ikiwa Jiwe Jeusi ni hivyo, feruzi ya dukani itapata wapi nguvu?

Husemwa: atendaye ni Mungu, na jiwe ni sababu tu, kama dawa. Lakini dawa imejaribiwa, na nafuu yake yajulikana. Mwenye kusema hivyo na aiache pete nyumbani siku moja, apande pantoni kwenda Kigamboni. Akiwa katikati ya maji moyo ukimtetemeka kwa ajili ya kidole kitupu, basi ameshajua alikuwa amemtegemea nani.

Na wauzao nao wana hesabu yao. Mengi yauzwayo kwa jina la feruzi ni mawe meupe ya bei ndogo yaliyotiwa rangi. Pamba yenye asetoni ikisuguliwa kidogo upande wa chini, mara nyingi hutoka na ubuluu. Mtume alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, alimkana mwenye kughushi. Yule alificha maji ya mvua tu; huyu auza rangi, akaongeza na ahadi ya riziki.

Ama mwenye kulipenda kwa uzuri wake, na alitie katika fedha, kwani dhahabu ni haramu kwa wanaume. Alivue kabla ya kushika samaki, na asilivae ila uturi umekwisha kukauka. Wakati wa udhu aizungushe pete ili maji yafike ngozini, kisha alifute jiwe kwa kitambaa laini. Asilisafishe kwa ndimu, wala siki, wala majivu, wala mchanga; wala asiliweke karibu na moto, kwani ndani yake mna maji, na yakitoka jiwe hupauka na kupasuka. Na likigeuka kijani baada ya hayo yote, ni feruzi ya kijani. Livaliwe vivyo hivyo.