Kaka Alikopa kwa Jina Langu



Kijana mwenzangu, leo nakusimulia jambo ambalo nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kupata ujasiri wa kuliandika. Kaka yangu amenipa ruhusa. Aliniambia, "Andika tu dogo, labda kuna mtu litamsaidia. Ila jina langu usitaje." Basi silitaji.

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa falsafa, simu yangu niliiacha nyumbani Muleba, kwa mama, kwa sababu seminarini hatukuruhusiwa kukaa na simu wakati wa masomo. Laini imesajiliwa kwa namba yangu ya NIDA na alama zangu za vidole. Namba ya siri kaka alikuwa anaijua. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa, ili shangazi akituma hela ya mama, yeye aende kuitoa kwa wakala. Kabatini kulikuwa pia na kopi ya kitambulisho changu.

Likizo ya Pasaka nikawasha simu. Meseji zikaingia mfululizo: ndugu mteja, deni lako limepita muda. Nikadhani wamekosea namba. Hawakukosea. Mikopo ilikuwa mitatu. Miwili ilikuwa ya simu, na mmoja wa kampuni ndogo ya mjini, ile mikopo ambayo watu wanaiita kausha damu. Huko niliandikwa mdhamini, na chini kulikuwa na sahihi ambayo sikuiweka mimi. Jumla, pamoja na riba na faini, ilikuwa shilingi 640,000. Kwa frateri asiye na kipato, jamani, hizo ni hela nyingi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kaka alikana kwanza. Jioni ya pili akasema ukweli. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa matibabu ya mtoto wake. Wa pili ulikuwa wa kulipa wa kwanza. Wa tatu aliubeti wote, akitumaini kurudisha kila kitu kwa siku moja.

Lakini kilichoninyima usingizi zaidi ni maneno ya mama. Aliniita jikoni akasema, "Mwanangu, wewe ni mtu wa Mungu. Waambie tu kwamba ulikopa wewe. Mimi nitauza kahawa ikiwa mtini, tulipe, yaishe. Huyu ana watoto. Wakimpeleka polisi, nani atawalea?" Kuuza kahawa ikiwa mtini kwetu Kagera tunaita butura. Unapokea hela kidogo leo, na msimu ukifika mwenye hela anachukua mazao yako kwa bei ya kutupa. Yaani mama alikuwa tayari kupata hasara ya mwaka mzima, na mimi nilichoombwa kilikuwa sentensi moja tu: ni mimi niliyekopa.

Swali likawa hilo. Je, sentensi ile ingekuwa upendo, au ingekuwa uongo uliovaa nguo za upendo?

Darasani tulikuwa tumemsoma Plato. Katika kitabu chake kimoja Sokrates anakutana mahakamani na Euthyphro, aliyekuja kumshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua, na ana uhakika kabisa kwamba anachofanya ni uchaji. Sokrates anashangaa mtu anapataje uhakika wa namna hiyo. Kwa upande mwingine, Confucius wa China alifundisha kwamba baba akiiba kondoo, unyofu wa mwana uko katika kutomtangaza. Nilipokuwa naandika mtihani niliona ni mada nzuri tu. Nilipokaa jikoni na mama niligundua kwamba ndani yangu wamo wote wawili. Usiku mmoja nilitaka kaka alale rumande ajifunze. Usiku uliofuata nilitaka kufunika kila kitu ili majirani wa jumuiya wasijue.

Mtakatifu Thoma wa Akwino ndiye aliyenisaidia kusogea hatua. Katika Summa Theologiae anauliza kama uongo wa kumsaidia mtu ni halali. Anajibu hapana, hata ukiwa wa kumwokoa mtu na hatari, ingawa uzito wake ni mdogo kuliko uongo wa kudhuru. Lakini papo hapo anaongeza kwamba inaruhusiwa kuuficha ukweli kwa busara. Kwa Kiswahili tuna neno zuri hapa: stara. Kumsitiri ndugu ni kutomwanika kwa watu wasiohusika. Sina wajibu wa kumtangazia kila mtu kijijini alichofanya kaka. Ila nikienda kwa aliyekopesha, mtu mwenye haki ya kujua, nikamwambia ni mimi, hapo simsitiri tena kaka. Namdanganya mtu mwingine.

Halafu nikafungua Biblia, Mwanzo sura ya 27. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, ila safari hii ilinisoma yenyewe. Esau yuko porini anawinda, na nguo zake nzuri ziko nyumbani kwa mama yake. Rebeka anazichukua, anamvisha Yakobo, na kumfunga ngozi za mbuzi mikononi. Isaka haoni. Anauliza ni nani, na Yakobo anajibu kwamba yeye ni Esau, mzaliwa wa kwanza. Mzee anasikia kabisa kwamba sauti ni ya Yakobo, lakini akipapasa mikono anaiona ni ya Esau, na baraka inatoka. Nikasema, Mungu wangu, haya si ndiyo yaliyotokea kwetu? Mwenye jina yuko mbali, vitu vyake vimebaki kwa mama, ndugu anavivaa na kupokea kisicho chake. Mfumo wa simu hausikii sauti. Unapapasa namba tu.

Na mama naye yumo. Yakobo alipoogopa kulaaniwa, Rebeka alimwambia laana hiyo imjie yeye. Ni mapendo ya kweli ya mama, sina shaka. Lakini angalia gharama yake. Yakobo alilazimika kukimbilia kwa Labani. Mama alidhani ni kwa siku chache, ikawa miaka 20, na Biblia haisimulii popote kwamba mama na mwana waliwahi kuonana tena.

Yakobo anarudije? Usiku kabla ya kukutana na Esau, pale kwenye kivuko cha Yaboki, anashindana mweleka na mtu asiyemjua, anaomba baraka, na anaulizwa jina lake. Swali linalofanana na lile la baba yake! Safari hii anajibu: Yakobo. Baada ya kusema jina lake la kweli ndipo anapopewa jina jipya na kubarikiwa. Asubuhi anamkuta Esau akiwa ametanguliza zawadi ya wanyama zaidi ya 500. Esau anamkimbilia, anamkumbatia, wanalia. Anamwambia mali aliyonayo inamtosha. Yakobo anasisitiza apokee, na neno analotumia katika Kiebrania kwa zawadi ile ni lile lile la baraka. Alichochukua kwa hila, anarudisha kwa mkono wake.

Hapo nikapata jibu la mama. Esau alisamehe bila kusubiri kupokea mbuzi hata mmoja. Msamaha ulikuwa mikononi mwake, na wangu uko mikononi mwangu. Lakini Esau hakuweza kumsemea Yakobo jina lake. Hilo lilikuwa la Yakobo peke yake. Kama ningesema "ni mimi niliyekopa", ningempokonya kaka Yaboki yake. Katekisimu namba 2487 inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi hata kama mkosaji ameshasamehewa. Kwa hiyo msamaha haufuti wajibu wa kurudisha. Unampa mtu nguvu ya kurudisha bila kuona kwamba amefukuzwa nyumbani. Na wahenga walishamaliza: dawa ya deni ni kulipa.

Nilimjibu mama, "Mama, hela tunaweza kumsaidia. Uongo siwezi." Alinyamaza. Siku mbili hakuongea na mimi, na sitaki kukudanganya, ziliniuma kuliko deni.

Tukafuata Mathayo 18. Kwanza tulizungumza wawili. Halafu tukamwita baba mdogo na mwenyekiti wa jumuiya, watu wanaojua kutunza siri. Kaka alienda mwenyewe kwenye ofisi ya ile kampuni, mimi nikiwa pembeni, akasema kwa mdomo wake kwamba sahihi ile aliiweka yeye. Dada wa mikopo alituangalia kwa muda, akasema kwamba mkopo usiporudi na yeye anaulizwa kazini. Sikuwa nimemfikiria kabisa. Nilidhani aliyeibiwa ni mimi peke yangu. Wakakubali kusimamisha riba, na tukaandikishana kaka alipe 40,000 kila mwezi.

Na mimi nilikuwa na Yaboki yangu. Kwa wiki tatu nilimficha gombera jambo hili, nikiogopa wataniona frateri mwenye madeni. Nilimhubiria kaka ukweli huku mwenyewe nimeufungia kabatini. Nilipokwenda hatimaye, padre alinisikiliza, akaniuliza tu, "Mama anaendeleaje?"

Kama nawe umekutwa na jambo hili, chukua haya machache. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Badilisha namba ya siri, hata kama anayeijua ni ndugu. Mwandikie mkopeshaji mapema kwamba hukukopa wewe, na utunze nakala. Angalia kama ana leseni, maana Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kama ndugu anarudia, anakutishia au anakataa kabisa kukiri, kwenda polisi kuchukua RB si chuki. Kuna watu Yaboki yao iko pale kaunta. Na ukiamua kumlipia, lipa kwa hiari na kwa jina la kweli la deni, kama Paulo alivyomwandikia Filemoni kwamba deni la Onesimo liandikwe kwake. Paulo alibeba deni. Hakusema ni yeye aliyemkosea Filemoni.

Mwaka mmoja umepita. Julai mama aliuza kahawa yake ikiwa imevunwa, kwa bei ya halali, akatoa 100,000 akijua anachotoa. Kaka amelipa miezi kumi, miwili aliruka. Imebaki 140,000. Kubeti anasema ameacha, na mimi nachagua kumwamini, ila namba ya siri sijampa. Esau alimkimbilia ndugu yake. Mimi bado natembea. Niombee.

Tafakari ya wiki: je, kuna mtu wa nyumbani unayemsitiri, au unaficha kosa lake? Na wewe mwenyewe, ni wapi unaulizwa jina lako na unajibu la mwingine?

Tusali: Ee Bwana Yesu, ulilipa deni ambalo halikuwa lako bila kusema uongo hata mmoja. Utupe moyo wa kusamehe ndugu zetu na ulimi wa kusema kweli. Waponye waliokopa kwa hila na waliokopewa bila kujua, warudishe mezani pamoja. Amina.