Shimo Lililoachwa Wazi: Mtengenezaji na Mfumo Endeshi wa Zamani

Mfumo endeshi wa kompyuta hauchakai kama jembe au tairi. Amri zilizoandikwa ndani yake hubaki zilezile baada ya miaka kumi, herufi kwa herufi. Kinachoitwa uzee wake ni mambo mawili: vifaa na programu mpya huacha kupatana nao, na hufika tarehe ambayo mtengenezaji alikwisha kutangaza kwamba hatatoa tena viraka vya usalama. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, iliifikia tarehe hiyo 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata 14 Januari 2020, na Windows 10, ya Julai 2015, ikafuata 14 Oktoba 2025. Kesho yake kompyuta huwaka kama kawaida, ila tundu litakalogunduliwa halizibwi.

Je, aliyetengeneza kitu na kukiuza anawajibika nacho hadi lini? Jibu jepesi ni la mkataba: tarehe ilitangazwa mapema, mnunuzi aliyakubali masharti, na hakuna fundi anayedaiwa kukarabati nyumba aliyoijenga mpaka kiyama. Hoja hii ina uzito. Udhaifu wake ni kukiona kiraka kuwa hisani, kana kwamba fundi amerudi kupaka rangi. Kiraka cha usalama huziba kosa la fundi mwenyewe, kosa ambalo mara nyingi lilikuwamo tangu siku bidhaa inatoka, ila hakuna aliyekuwa ameliona.

Kosa kama hilo linafanana na shimo lililoachwa wazi, na wakazi wa ukanda wa dhahabu wa Tanzania wanayajua mashimo. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, rashi (msafara wa wanaokimbilia dhahabu) ikihamia kwingine, maduara, yaani mashimo yao, hubaki nyuma. Matimba ya kushikilia kuta huoza, nyasi huota mdomoni, na ng'ombe anayepita hana habari. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina hukumu ya jambo hilihili: mtu akichimba shimo au akifunua lililokuwapo, asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia humo, mwenye shimo atamlipa mwenye mnyama. Hukumu haiulizi kama shimo bado linamwingizia faida aliyelichimba, wala kama mwenye ng'ombe aliwahi kumlipa chochote. Deni linatokana na shimo lenyewe. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, inaongeza kwamba aliyelifunika sawasawa hadaiwi, hata kama mnyama atatumbukia baadaye. Kwa hiyo wajibu una mwisho, lakini mwisho wake ni kifuniko. Kalenda peke yake haitoshi.

Sheria ya migodi mikubwa imeliona hilo. Nchini Tanzania mgodi mkubwa hutakiwa kuwa na mpango wa kufungwa kwake na dhamana ya fedha za kurekebisha ardhi, ili siku dhahabu inapokwisha gharama isiwaangukie wanakijiji. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ilizalisha kuanzia 2009 hadi 2021, kisha eneo lake likaelekezwa kwenye matumizi ya viwanda. Mtu anaweza kubishana kama ufungaji wa mgodi fulani ulitosha. Watengenezaji wa programu, kwa sehemu kubwa ya dunia, hawajawahi kuulizwa swali lenyewe.

Kisa cha Mei 2017 kinaonyesha jinsi lawama inavyogawanyika. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Tundu lilikuwa la Microsoft, mtengenezaji wa Windows. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lililijua na kulitunza kama silaha, kisha siri ikavuja. Kiraka kilikuwa kimetolewa Machi kwa mifumo iliyokuwa bado ikihudumiwa, na wengi walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwapo lakini hakijawekwa. Hao hawana wa kumlaumu kwa kutofunika. Kwa XP, kampuni ilitoa kiraka cha dharura hadharani, miaka mitatu baada ya kutangaza kwamba imemalizana nayo. Kitendo hicho kilikuwa chema, na kilivunja hoja kwamba baada ya tarehe hakuna kinachowezekana.

Fikihi ya Kiislamu inalitazama jambo kutoka upande wa soko. Kasoro iliyokuwamo kabla mnunuzi hajakipokea kitu humpa hiari ya kukirudisha. Muuzaji je, akitanguliza sharti kwamba hatadaiwa kasoro yoyote, kama leseni za programu zinavyofanya? Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hayalikubali sharti hilo kwa jumla, isipokuwa kwa kasoro iliyofichika ndani ya mnyama hai, ambayo muuzaji hakuijua. Tumbo la ng'ombe halionekani. Hapo mtengenezaji angeweza kujitetea: mfumo wenye makumi ya mamilioni ya mistari unafanana zaidi na tumbo la ng'ombe kuliko na jora la kitambaa. Utetezi huo si wa kudharauliwa. Lakini unasamehe kutojua tu. Tundu likishajulikana, udhuru wa kutoliona umekwisha.

Upo pia ugumu wa haki ambao mkataba hauugusi. Saa ya huduma huanza kuhesabu siku mfumo unapotoka, wakati kompyuta nyingi za steshenari za Geita na Kahama ni za mtumba, zimefika umri ukiwa umekwenda. Nyingi zenye vichakataji vya kabla ya 2017 au hivi hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa Windows 10, mtumiaji binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya alipewa mwaka mmoja zaidi wa viraka bure. Kwingineko aliambiwa alipe dola 30, atumie pointi za kampuni, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya kampuni hiyo. Shimo ni moja, na kifuniko kilikuwa kimeshatengenezwa.

Asiyeweza kuendelea kufunika anaweza kuwaachia wengine jembe. Debian, mfumo ambao msimbo wake uko wazi, huhudumiwa na timu yake kwa miaka mitatu hivi, kisha kundi jingine huendeleza toleo hilohilo hadi miaka mitano. Msimbo ukiwa umefungwa, anayeachwa na mtengenezaji hawezi hata kuajiri fundi wa kumzibia.

Linabaki suala la mtumiaji na muuzaji wa pili. Steshenari hupokea flashi za watu siku nzima, kwa hiyo mashine isiyo na viraka huhatarisha wasioimiliki. Shimo likiwa la washirika wawili, Mishna inamtia hatiani wa pili aliyelikuta wazi akalipita. Na mchuuzi wa kompyuta za mtumba pale Katoro, mkoani Geita, anayejua kwamba mashine iliyo mezani haipokei tena viraka, ameshika kasoro anayoijua, na mteja anayeuliza bei bado hajaambiwa.