Jihadharini Sokoni Siku za Sikukuu



Majilio yakifika, makelele ya sokoni nayo huongezeka. Hapa kwetu Kamatanda, na katika mji wote wa Likasi, kila mtu hutafuta kitu kabla ya Noeli na Bonane: huyu nguo ya mtoto, huyu kitenge cha mkewe, huyu unga, mchele na mafuta ya kuwakaribishia wageni. Furaha hiyo si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana, wala hakuwakemea waliokula na kunywa. Lakini siku zile watu wanapokuwa na fedha mkononi na haraka moyoni, ndizo siku ambazo mdanganyifu hutega mtego wake. Nataka kusema nanyi juu ya jambo hilo, nami nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwaka mmoja wazazi wa watoto waliojitayarisha kupokea Komunyo ya kwanza walinikabidhi fedha zao ninunue kitambaa cheupe, ili watoto wote wavae sawasawa, mwenye mali na maskini. Fedha zile zilikuwa jasho la watu. Mama mmoja alizipata kwa kuuza makaa. Nami nikachelewa, nikaenda sokoni siku mbili tu kabla ya sikukuu, jioni, watu wakisukumana. Muuzaji mmoja akaniita kwa heshima: «Karibu, Mwalimu. Wengine nawauzia kwa bei kubwa, lakini wewe ni mtu wa misioni. Bei hii ni ya leo tu, na kuna mtu amekwenda kuleta fedha achukue jora hili.» Maneno yale yakanipendeza. Nikatazama mita chache za juu, nikaziona nzuri na nzito. Sikulikunjua jora lote. Nikapokea baki, nikaitia mfukoni bila kuitazama.

Fundi wa cherehani alipolikunjua, tuliona kwamba kitambaa cha ndani kilikuwa chepesi kama utando wa buibui, chenye madoa, tena kilipungua mita kadha. Katika baki ile, noti moja ya faranga 10,000 ilikuwa ya bandia. Asubuhi nilirudi sokoni, nikakuta mahali pa yule mtu ni patupu.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Jioni ile nilipita kwa mama mmoja auzaye mikate kando ya njia. Giza lilikuwa limeingia, naye alikuwa na taa ndogo tu. Nikasema moyoni: «Mimi nami nilipewa noti hii, kwa nini hasara iwe yangu peke yangu?» Nikaitoa. Mara mtoto aliyeshika taa akaniambia: «Jambo, Mwalimu!» Alikuwa mwanafunzi wangu. Juma lile lile nilikuwa nimemfundisha Amri ya Saba. Nikairudisha noti mfukoni, nikaenda zangu bila mkate. Usiku nilitambua kwamba yule mdanganyifu alikuwa karibu kuniibia mara mbili: kwanza fedha, halafu roho.

Kesho yake niliwaambia wazazi ukweli wote. Noti ile niliipeleka benki, wakaizuia. Hasara yake ikawa yangu. Kitambaa nilikilipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu, miezi mitatu. Siku ya sikukuu watoto kadha walivaa mashati ya kuazima. Nilipowatazama wakikaribia altare, niliona haya, nikajifunza.

Hila hii si mpya. Nabii Amosi, mchungaji wa Tekoa, aliyeishi katika karne ya 8 kabla ya Kristu, aliwakaripia wafanya biashara walioona sikukuu ya mwezi mpya na siku ya Sabato kuwa ndefu mno. Walitamani zipite upesi, wapate kupunguza kipimo, kuongeza uzito wa mawe ya mizani, na kuwauzia maskini hata makapi ya ngano. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kutumia hila ili kuuza kitu kupita bei yake ya haki ni dhambi, na kwamba muuzaji anayejua ubaya uliofichika katika bidhaa yake hana ruhusa ya kuuficha ili mnunuzi apate hasara. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaihesabu hila ya biashara kuwa kosa juu ya Amri ya Saba, na kadhalika kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzio.

Hayo yawahusu wauzaji. Je, mnunuzi hana wajibu? Wengine hudhani kwamba Mkristu mwema hatazami, hahesabu, hapimi, asije akaonekana mchoyo au mwenye kushuku watu. Sivyo. Bwana wetu alipowatuma mitume aliwataka wawe wanyofu kama njiwa, lakini aliwataka pia wawe na busara ya nyoka. Fedha unayoichukua sokoni si yako peke yako. Ni chakula cha watoto na dawa ya mgonjwa. Tena anayenunua bila kutazama humtia nguvu mdanganyifu, naye kesho atakwenda kumnyang'anya mjane.

Basi, yashikeni mashauri haya.

Kwanza, nendeni mapema, mchana, majuma kabla ya sikukuu. Andikeni nyumbani vitu mnavyohitaji na fedha mtakayotumia. Aliyeamua nyumbani haamuliwi sokoni.

Pili, jueni alama tatu za mtego: sifa, haraka na bei ndogo mno. Mtu asiyekujua akikusifu, akikuharakisha na kukupa bei ambayo wengine hawawezi kuitoa, tulia. Mwambie: «Nitazunguka kwanza, nitarudi.» Mwenye bidhaa njema hachukizwi na neno hilo.

Tatu, pimeni mbele ya macho yenu. Mkinunua unga kwa meka, tazameni ndani ya chombo kabla haujatiwa, msije mkakuta kitako kimebonyezwa kwenda juu. Mkinunua mfuko wa kilo 25, tazameni mshono wake kama umefunguliwa na kushonwa tena. Mkiwa na shaka, upimeni kwa mizani ya mtu mwingine.

Nne, kitambaa kikunjueni chote. Juu ya vitenge, jueni kwamba jina lililoandikwa pindoni halitoshi. Kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mwaka 1846 huko Helmond, Uholanzi, na kwa kuwa vitambaa vyake vinapendwa sana katika Kongo na nchi nyingine za Afrika, waigaji huiga mapambo yake hata maandishi ya pindoni. Geuzeni kitambaa: kitenge cha nta kilicho cha kweli huwa na rangi karibu sawa pande zote mbili. Upande wa nyuma ukiwa umefifia, msikilipe bei ya nta ya kweli.

Tano, hesabuni baki kabla ya kuondoka. Ishikeni kila noti, iinueni kwenye mwanga, muone alama iliyofichwa ndani ya karatasi. Ikiwa na shaka, irudisheni pale pale. Na mkigundua nyumbani kwamba ni ya bandia, msimpe mwingine.

Sita, jihadharini na simu. Leo wengi hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mdanganyifu hutuma ujumbe usemao kwamba umepokea fedha, kisha hukupigia akilia kwamba amekosea, umrudishie. Usiamini ujumbe; tazama salio lako mwenyewe. Na namba yako ya siri usimwambie mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

Nanyi ndugu wauzaji, msidhani kwamba nawahukumu ninyi nyote. Wengi wenu ni watu wa haki, na hila za wachache huwaharibia ninyi kwanza. Lakini kama yuko mmoja mwenye kipimo kilichobonyezwa chini ya meza yake, amkumbuke Zakayo, tajiri wa Yeriko. Bwana alipoingia nyumbani mwake, yeye aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndivyo alivyompokea Mwokozi. Katika Noeli nasi tutampokea Mwokozi huyo huyo, aliyezaliwa maskini, asiye na kitambaa kingine ila nguo za kufungia mtoto mchanga.

Mungu ailinde mikono yetu sote, anunuaye na auzaye. Amina.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Aliyepewa noti ya bandia akimpa mwingine kwa makusudi, atenda dhambi gani?

2. Nani katika nyumba yetu hudanganywa kwa urahisi sokoni au kwa simu, nasi twawezaje kumsaidia bila kumcheka?