Kamera Unayo, Piga!

Acha kusema utaanza kupiga picha siku utakayonunua kamera. Kamera unayo. Iko mfukoni mwako, kioo kimepasuka pembeni, kava limechakaa, na lenzi imejaa mafuta ya vidole kwa sababu hujaifuta tangu ununue simu hiyo. Ifute sasa hivi kwa upindo wa fulana ya pamba, kisha endelea kusoma. Sitanii. Ule ukungu unaozifanya taa za usiku zitoe mikia, ule unaomlaumia muuzaji wa simu, mara nyingi ni uchafu tu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera kubwa iliyopangwa dirishani mwa duka Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, haitampiga picha babu yako akicheka barazani leo jioni. Ya mkononi mwako itampiga. Na babu hangoji ukusanye mtaji.

Juni 1997, huko California, Philippe Kahn alikuwa hospitalini mkewe akijifungua. Akaunganisha kamera ya dijitali na simu yake, na mtoto alipofika akawatumia picha watu wapatao 2,000. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Sharp ikauza Japani simu ya J-SH04 yenye kamera ya pikseli 110,000, na watu wakaishangaa. Simu ya kawaida ya Kariakoo leo inatoa picha ya pikseli milioni 12, zaidi ya mara mia ya ile. Picha ya ukubwa huo unaweza kuichapisha karatasini kwa upana wa sentimita 34 na ikabaki kali. Wala usitishwe na jirani anayetamba kwa "megapikseli 50". Simu nyingi za aina hiyo huunganisha pikseli nne kuwa moja, na mwisho wake zinakupa picha ileile ya milioni 12 na ushee. Kama jirani amekupita, amekupita kwa jambo moja: yeye anatoka nje na kupiga.

Ukitaka mtu wa kukusukuma, msome Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza utotoni na kamera ya mtumba aina ya Box Brownie, kisanduku chenye lenzi na kitufe, basi. Mwaka 1963, kijana wa miaka ishirini hivi, akafungua Camerapix hapohapo Dar. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikarushwa na BBC, dunia ikashtuka, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la muziki la Live Aid kuwachangia wenye njaa. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ukamkata mkono. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini, na kazi hiyo aliifanya hadi alipokufa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Halafu wewe unaniambia betri yako inaisha haraka!

Haya, tuingie kazini.

Jambo la kwanza ni mwanga, na mwanga wa kwetu una tabia zake. Walio mbali na Ikweta hupata jioni ndefu ambayo jua linateleza polepole na rangi ya dhahabu inakaa. Kwetu jua linashuka wima. Dar linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na ukichelewa kufunga ofisi umeukosa mwanga wote mzuri. Basi ukiutaka, uwe umeshasimama mahali pako saa kumi na moja unusu. Au amka. Asubuhi mwanga ni uleule, vumbi ni dogo, na wavuvi wa Feri wameshafika kabla yako.

Saa sita mchana usimweke mtu juani. Jua liko utosini, nyusi zinamwagia macho kivuli, na mtu mzuri anatoka amekasirika. Mlete mlangoni. Mtu akisimama hatua moja ndani ya mlango, uso akiuelekeza nje, na wewe ukampiga kutoka nje, anapata mwanga laini usioumiza macho, na chumba nyuma yake kinaingia giza lenyewe. Studio ya bure, na kila nyumba unayoijua inayo. Mwembe nao unafaa, ila angalia madoa ya jua yanayopenya kwenye majani yakatua kwenye shavu.

Halafu rangi zetu. Hili linanichoma, kwa hiyo nivumilie nilikalie kidogo. Kwa miaka mingi maabara za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyokuja kuitwa Shirley. Yeye akatoka vizuri. Sisi tukatoka meno na macho. Waliofanya kazi humo wamesimulia kwamba kilichosukuma mabadiliko ni malalamiko ya watengeneza samani na watengeneza chokoleti, waliotaka kahawia moja itofautiane na nyingine. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu. Leo mambo yamegeuka. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na Itel, ilijijengea soko Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake zione vizuri nyuso nyeusi. Google nao wakaja na teknolojia yao ya Real Tone, yenye lengo hilohilo, katika simu ya Pixel 6 mwaka 2021. Kwa hiyo hiyo Tecno unayoificha ukikaa na wenye iPhone imetengenezwa ikikufikiria wewe.

Lakini usiiachie simu kila kitu. Simu hutafuta wastani wa mwanga. Ukuta mweupe ukiwa nyuma ya bibi, simu itauona ukuta na kumfanya bibi giza. Gusa uso wake kwenye kioo, itatokea alama ya jua, ivute juu taratibu mpaka uone mikunjo ya tabasamu. Kwa bwana harusi mwenye kanzu nyeupe kwenye jua kali ni kinyume: ukifuata uso, kanzu inaungua na kubaki karatasi tupu, darizi yote imepotea. Mwingize kivulini, uso na nguo vipatane. Na ile modi ya kufifisha vilivyo nyuma ipumzishe. Inakata masikio, inakula ncha za nywele, na inafuta mahali penyewe, wakati mahali hapo ndipo palipokuvuta. Usivute kwa vidole pia. Simu nyingi ukizivuta zinakata picha na kuipanua tu. Una miguu, sogea.

Sasa upige nini? Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Machweo, sahani ya chipsi, selfi ya kwenye gari la rafiki. Dunia ina machweo ya kutosha. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Unguja. Riziki yake ilikuwa watu na mji wao, familia, harusi, mitaa, na leo anayetaka kuiona Zanzibar ya zamani anaingia kwenye duka lile. Mtaa wako una Oza wake? Nani ameupiga ubao wa saluni uliochorwa kwa mkono kabla haujabadilishwa kwa bango la plastiki? Nani ana picha ya fundi cherehani wa barazani, konda anayening'inia mlangoni, foleni ya ndoo za maji, mama ntilie akipuliza moto saa kumi na moja alfajiri? Hao wote utawakumbuka siku hawapo, na kumbukumbu haichapishiki.

Mwaka 2012 Wamarekani wawili, Peter DiCampo na Austin Merrill, walikuwa Ivory Coast kutafuta habari za athari za vita. Wakachoka kutafuta majeraha tu. Wakatoa simu, wakaanza kupiga maisha ya kawaida, watu kwenye lifti, watu sokoni, na hapo ukazaliwa mradi wa Everyday Africa, ambao wapigapicha wengi wa Afrika walijiunga nao. Nawapongeza kwa moyo wote. Ila inaniuma kidogo kwamba wa kwanza kufikiri hivyo wakatambulika hawakutoka Tandale wala Kisumu.

Lakini mtu si mandhari. Omba kwanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba nikupige picha hapo ulipokaa, ukisuka huo ukili."

"Utaniletea na mimi yangu?"

Karibu kila mzee atakuuliza hivyo, na jibu liwe ndiyo ya kweli. Akikataa, na pwani wapo wengi wanaokataa kwa sababu zao za heshima, mwage na uende zako. Usimwibie ukiwa umegeuza kisogo. Sheria nazo zimeamka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumika bila ridhaa ya wazazi, na sehemu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja. Kuomba ni bure.

Umeshapiga, usiiache ife humo ndani. Instagram ilifunguliwa Oktoba 2010 na Kevin Systrom pamoja na Mbrazili Mike Krieger. Aprili 2012 Facebook wakakubali kuinunua kwa dola bilioni moja, ikiwa na wafanyakazi 13. Watu 13! Thamani ile haikutoka kwenye filta, ilitoka kwenye picha za watu wa kawaida walioziweka bure. Basi ukiwapa, na wewe pata kitu. Weka kazi, siyo mabaki. Picha tano za fundi mmoja, zenye maelezo ya nani, wapi na anatengeneza nini, zinamfundisha mtazamaji kukungoja. Picha arobaini za kila kitu zinamfundisha kukupita.

Ingawa kwetu, tuseme kweli, mtandao wa picha ni WhatsApp. Ukituma kawaida inaibana picha ili ipungue uzito. Nzuri kwa bando, mbaya kwa uchapishaji. Ukitaka ifike nzima, chagua HD au itume kama dokumenti. Statasi nayo inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo usiifanye ghala. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala la Mbagala, harusi ya dada yako imekwenda nayo. Basi weka nakala mtandaoni. Google waliacha kutoa nafasi ya bure isiyo na kikomo ya picha Juni 2021, ila gigabaiti 15 za bure zinatosha kwa zile unazozipenda kweli. Nyingine futa. Mpigapicha mzuri hufuta bila huruma.

Na wewe seremala wa Keko, dada wa keki, kijana wa viatu vya mtumba: picha ndiyo dirisha la duka lako. Sofa la shilingi milioni moja na nusu umelipiga usiku chini ya taa ya kijani, nyuma yake ndoo ya gundi na mguu wa mtu. Nani atakupigia simu? Litoe nje asubuhi upande wa kivuli, futa vumbi la randa, piga moja zima, piga mshono kwa karibu, piga mtu amelikalia ili mteja aone ukubwa. Nguo na khanga zisipigwe kwa flashi, rangi zinadanganya na mteja atazirudisha. Kisha andika bei. Hii ya "bei njoo inbox" imefukuza wateja waliokuwa na hela mkononi, na sijui bado tunamficha nani.

Kwa hiyo Jumamosi hii fanya jambo moja. Chagua mtaa mmoja, wako. Wazee wetu walikuwa na mkanda wa picha 36, kila moja ina gharama ya kuisafisha, wakawa wanatazama mara mbili kabla ya kubonyeza. Jipe na wewe 36, usizidishe hata moja. Jumapili zichuje zibaki tano. Moja ipeleke studio ichapishwe, nyuma yake andika jina la mtu, mtaa na tarehe kwa kalamu, umpelekee mwenyewe. Nne zilizobaki ziweke hadharani, zenye jina lako na namba yako. Jumamosi ijayo, mtaa wa pili.