Kufuli la Stoo Halinunuliwi kwa Uzito

Vijana wangu mlioko huku Marekani, siku hizi karibu kila mmoja wenu ana stoo ya kukodi. Mnakusanya friji, magodoro, matairi na mapipa ya nguo, mkingoja kontena lijae lielekee Mombasa au Dar es Salaam. Jambo jema. Kinachonitia hofu ni kile mnachotundika mlangoni: jasho la zamu za usiku mnalikabidhi kwa kikufuli cha begi la safari.

Kariakoo kufuli lina msaidizi wake, mlinzi aliyekaa nje na rungu. Huku kuna geti la namba na kamera, na mwizi wa stoo mara nyingi ameshavipita vyote kihalali. Ni mpangaji kama nyinyi. Amekodi chumba kidogo, amepewa namba ya geti, anaingia mchana na gari lake wala hapana wa kumuuliza. Akishaingia hupita mlango kwa mlango akikagua makufuli. Hana muda wa kuchokonoa tundu la ufunguo kwa sindano. Anao mkasi mkubwa wa kukatia nondo, na anatafuta mahali pa kuupenyeza.

Kwa hiyo mkifika dukani, msilipime kufuli kwa kulinyanyua. Litazameni ule mkono wake uliopinda, unaopita kwenye komeo. Ukiwa mrefu na umesimama wazi, mkasi unaukata kabla mwenye stoo ya jirani hajageuza shingo. Mwili unaweza kuwa imara kweli. Harry Soref wa Milwaukee, aliyeanzisha Master Lock mwaka 1921, alipata hataza mwaka 1924 ya kufuli la mabamba ya chuma yaliyobanwa pamoja kwa ribiti, na mwaka 1928 kampuni yake ilipeleka makufuli 147,600 New York kufungia vilabu vya pombe haramu. Kazi nzuri ile, na mpaka leo mabamba hayo yanauzwa kila mahali. Lakini mwizi hana ugomvi na mabamba. Tena yapo makufuli ya bei rahisi ambayo hayahitaji hata mkasi: kipande cha bati la kopo la soda kikisukumwa pembeni mwa mkono huo, kinaachia.

Nunueni la duara, lile linalofanana na kisahani kinene. Kampuni ya ABUS ya Ujerumani ililitoa mwaka 1949 ikaliita Diskus, na sasa wanaoliiga ni wengi. Mkono wake umejificha ndani ya mwili, umeachiwa mwanya mdogo tu wa kupitisha komeo, basi mkasi hauna pa kuuma. Lenye upana wa milimita 70 linatosha milango mingi ya stoo. Chagueni la chuma cha pua ili theluji na chumvi ya barabarani visilitie kutu. Yanayofunguka kwa simu siyapendi: betri hufa kwenye baridi ya Januari, nanyi mko nje na kontena linaondoka kesho. Ya namba nayo, mkishawapa binamu wanne hiyo namba, hamna siri tena.

Kabla ya kulipa pesa, ulizeni ofisini mlango wenu unapokea kufuli la aina gani. Baadhi ya milango mipya ina tundu la silinda ndani ya komeo lenyewe, na kufuli la kutundika halina pa kukaa. Litazameni na komeo: likiwa bati jembamba lililolegea, kufuli la dola hamsini linalinda hewa.

Wala asiwadanganye mtu kwamba lipo lisilofunguka. Kufuli la Bramah lilikaa dirishani Piccadilly, London, miaka mingi na ahadi ya gini 200 kwa atakayelifungua. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Hobbs alilifungua, baada ya kazi ya zaidi ya saa 50 iliyotandazwa kwa siku kumi na sita. La Chubb, lililosifiwa nalo, lilimchukua kama dakika 25. Mimi hadithi hiyo hunifurahisha kwa upande wa pili: mtu hodari kuliko wote alihitaji siku kumi na sita, na mwizi wenu hana hata dakika kumi. Akija na grenda atalikata hata la duara, lakini kwa kelele na cheche. Wengi watasogea mlango wa pili.

Funguo msizipige picha mkatumiana WhatsApp. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha yake, hata iliyopigwa kwa mbali. Na mkipita kutazama stoo, msiridhike kuona kufuli linaning'inia, tieni ufunguo. Wapo wezi wanaokata lenu kisha wanatundika jingine linalofanana, ili mgundue baada ya miezi.

Bima nayo ina masharti. Mikataba mingi ya stoo husema mali ni kwa hatari yako mwenyewe, na kampuni ya bima hutaka kuona alama za kuvunjwa. Wekeni risiti na picha za vitu nyumbani, si ndani ya stoo hiyohiyo.

Kuna kufuli moja ambalo hamtalishinda, nalo ni la mwenye stoo. Mkichelewesha kodi huliweka juu ya lenu, na sheria za majimbo humruhusu, akishatoa notisi, kuuza vilivyomo kwa mnada. Kipindi cha Storage Wars, kilichoanza mwaka 2010, kimejengwa juu ya minada hiyo. Siku hiyo lile la duara mlilolichagua kwa makini hutobolewa kwa drili na mfanyakazi wa ofisi, mchana kweupe. Kwa hiyo kadi ya benki inayolipia kodi ikibadilishwa, pigeni simu ofisini siku hiyohiyo. Na mkihama jimbo waachieni anwani mpya, kwa maana barua ya mnada hutumwa kwenye anwani waliyo nayo.