Koti Haliazimwi Mlimani



Mara ya kwanza kupanda Kilimanjaro nilifika Mandara, mita 2,720. Ilikuwa Septemba, kiangazi, njia kavu, vumbi tu. Nilivaa raba na sweta la pamba, nikarudi salama nikijiona mzoefu.

Mwaka uliofuata vijana wa parokia tukapanga kwenda Aprili, baada ya Pasaka, safari hii hadi Horombo, mita 3,720. Nikabeba begi lilelile. Jamani, Aprili ni masika! Tulipoliacha lango la Marangu na kuingia msituni, mvua ikatushukia. Pamba ikilowa haitunzi joto. Wenzangu walikuwa na makoti ya mvua, buti, na nguo za kubadili zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni. Mimi hata soksi za akiba sikuwa nazo.

Jioni, natetemeka, nikamwambia mwongozaji, "Kaka, naomba koti lako la kesho." Akajibu kwa upole, "Dada, chai nitakupa, blanketi nitakutafutia. Koti hapana. Nikiganda mimi, nani atawaongoza hawa?" Asubuhi wao wakapanda, mimi nikateremshwa na msaidizi wake.

Zamani mfano wa wanawali kumi (Mt 25:1-13) ulikuwa unanikera. Niliwaona wale watano wenye busara kuwa wachoyo. Siku ile nilishuka nikiwaelewa. Kuna vitu mwenzako hawezi kukuazima saa ya shida, hata akupende vipi.

Mwaka jana baba yangu akafariki. Hiyo ndiyo ikawa masika yangu. Jumuiya walikuja, wakasali rozari, wakapika, wakalala nasi. Mungu awabariki sana. Lakini saa nane usiku, wote wamelala, ilibidi nimwamini Mungu mimi mwenyewe. Nikatafuta sala moyoni, begi tupu. Yaani nilikuwa nasali kikiangazi tu. Nikasali Salamu Maria moja, nikalia, basi. Ndiyo niliyokuwa nayo, na Mama aliipokea.

Kijana mwenzangu, usifunge begi kwa kutazama anga la leo. Nenda kitubio Jumamosi hii, usingoje Kwaresima. Soma Injili dakika kumi kila siku, hata siku ambayo huna shida yoyote. Na ukialikwa mlimani, uliza kwanza: ni msimu gani?

Tusali: Bwana, unifundishe kujiandaa kungali kukavu, ili mvua ikija inikute na wewe. Amina.