Nyumba Njema si Mlango?

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walikusudia kumwonya mtu asihadaike na nakshi za nje, kwani uzuri wa nyumba umo katika watu wake na mwenendo wao. Lakini methali hii imesimama juu ya jambo moja ambalo haikulitaja, nalo ni kwamba mlango unafunguka. Je, kwa yule ambaye mlango haumfungukii, nyumba hiyo ni njema bado? Swali hili si la mbao na misumari peke yake. Siku hizi ofisi, soko na shule zimehamia katika tovuti, na tovuti nazo zina milango.

Na utazamwe uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Masasi na Newala korosho ndiyo karo, ndiyo mahari, ndiyo bati la nyumba. Tangu mwaka 2007 mkulima amekuwa akipeleka korosho zake katika chama cha msingi, akapewa stakabadhi na kungoja mnada. Na tangu msimu wa 2024 minada hiyo imefanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Malipo hupitia benki. Kijana wa huko naye, atakapo kujua matokeo ya mtihani wake, huyatafuta katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Atakapo mkopo wa chuo kikuu, huuomba kwa mtandao.

Sasa kijana huyo na awe haoni. Si kweli kwamba kompyuta haimfai. Zipo programu zinazosoma yaliyomo katika skrini na kuyatamka kwa sauti. Mojawapo, NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, nayo hutolewa bure. Lakini programu ya namna hiyo kazi yake ni kusoma maandishi. Tangazo likipigwa chapa, likatiwa saini na muhuri, kisha likapigwa picha na kubandikwa katika tovuti, mwenye macho atalisoma, ilhali programu aghalabu itanyamaza. Kitufe kisichopewa jina kitatamkwa “kitufe”, basi, bila kumjulisha kijana kwamba akibonyeza anatuma maombi au anayafuta. Na fomu itakayomtaka anakili herufi zilizopindwapindwa, ili ithibitike kwamba yeye ni binadamu, itamhukumu kwamba si binadamu.

Patakuwa na atakayesema: ana ndugu, na wamsomee, kwetu mtu hushikwa mkono. Hoja hii haifai kubezwa, kwani jamii isiyoshikana mikono ni jamii iliyokufa. Lakini mkono unaoombwa si sawa na mkono unaolazimika. Amshikaye mwenzake mkono njiani ametenda wema. Achimbaye shimo njiani, kisha akajisifu kwamba watu wa kijiji chake ni wakarimu kwa kuwavusha wasioona, huyo ameutumia wema wa wengine kufunika kosa lake.

Na iulizwe pia, husomewa nini? Husomewa neno la siri la benki, majibu ya daktari, barua ya mchumba. Watu wa mwambao wanaijua thamani ya sitara: mambo ya mtu yana pazia, na si kila jicho lina ruhusa ya kupita. Asiyeweza kusoma yake peke yake hulazimika kulifunua pazia kila siku, hata mbele ya mjukuu. Mjukuu akiwa mwaminifu, babu amepoteza siri. Asipokuwa mwaminifu, amepoteza siri na fedha za korosho pamoja. Kwa hiyo kinachodaiwa hapa si wepesi wa kazi. Kinachodaiwa ni mtu kuwa bwana wa mambo yake mwenyewe.

Wa pili atasema kwamba wasioona ni wachache na gharama ni kubwa. Jibu la huyu lipo Newala kwenyewe. Juu ya uwanda ule ardhi hunywa mvua, na maji yako chini mabondeni. Vizazi kwa vizazi watu walishuka na kuyapanda magenge na mitungi kichwani, hata miaka ya 1950 ulipoanzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwenda juu. Kiu ile haikuwa kasoro ya miili ya watu wa Newala. Kilichokosekana ni bomba. Nalo bomba ni ghali, ilhali kuiandikia picha sentensi moja ya kuieleza, au kukipa kitufe jina, ni kazi ya dakika chache kwa anayejenga tovuti tangu mwanzo. Kilicho ghali ni kubomoa na kujenga upya. Tena njia iliyosawazishwa kwa ajili ya mmoja hupitwa na wengi: mzee ambaye macho yamemchoka, mvuvi anayeisoma simu juani, mwenye simu ndogo na mtandao hafifu ambaye picha hazimfikii. Ni kweli kwamba tovuti njema haimpi mtu umeme wala simu wala bando. Lakini upungufu mmoja hauhalalishi mwingine.

Visiwani jambo hili si geni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Steere huyo huyo alikuwa miongoni mwa wamisionari waliokichapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini, ilhali watu wa mwambao walikuwa wakikiandika kwa hati za Kiarabu tangu enzi za mababu. Serikali za kikoloni nazo hatimaye zikazishika herufi za Kilatini shuleni na maofisini. Mzee aliyeweza kuandika barua na kunakili utenzi akajikuta anahesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Macho yake hayakubadilika, wala akili yake. Mlango ndio uliobadilishwa. Anayekumbuka hayo hataharakisha kusema kwamba kasoro imo ndani ya mtu.

Sheria nazo zimenena. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 9, unayataja mawasiliano na habari pamoja na majengo na barabara. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wajuzi wa tovuti walitoa miongozo yao ya kwanza mwaka 1999, na ile ya 2008 ikayapanga yote katika misingi minne: yaliyomo yaweze kuhisiwa, yaweze kutumika, yaweze kufahamika, na yastahimili vyombo mbalimbali. Lakini sheria humfikia mtu baada ya kosa. Adabu hutangulia, nayo huanza kwa kumkumbuka asiyekuwapo wakati nyumba inajengwa.

Hapa wapenzi wa ushairi nao wana la kujibu. Utenzi ulikuwa mali ya sikio kabla haujawa mali ya jicho; wengi waliuhifadhi bila kuuona umeandikwa. Leo mshairi huandika beti zake juu ya picha ya maua na machweo, akazituma zikiwa picha, na asiyeona hupata ukimya. Au ukurasa haukutiwa alama ya kuitambulisha lugha yake, na programu ikayasoma mashairi ya Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, vina vikavunjika na mizani ikapotea. Kosa hilo halikufanywa na serikali wala kampuni. Limefanywa na mtu aliyependa shairi lake lionekane, akasahau kwamba liliumbwa lisikike. Na aziandike beti zake kwa herufi pembeni ya maua yale. Maua hayatanyauka, na Newala yuko atakayezisikia.